Glavu za Maruni

Kuna harufu moja ambayo nikiisikia, popote nilipo, natafuta mahali pa kukaa. Ni ya kitambaa cha pamba kinachosuguliwa na chuma mpaka kinakaribia kuungua, ikachanganyika na ile polishi ngumu inayofanana na kipande cha sabuni ya kufulia. Mwezi uliopita niliisikia nikiwa kwangu Kahawa Sukari, namenya viazi. Jengo la jirani, lile wanalopangisha wanafunzi, lilikuwa linawekewa vyuma vya ngazi, na fundi mmoja kijana alikuwa uwanjani anaving'arisha kwa mashine iliyofungwa kwenye meza. Nilitoka na kisu cha viazi mkononi. Sikujua nimekibeba hadi nilipomwona anakitazama.

"Toa hizo glavu," nikamwambia.

Zilikuwa za nyuzi, nyeupe, zimetanuka vidoleni. Akazima mashine. "Lakini mathe, hizi ni za safety. Ni bosi ametununulia."

"Najua. Kwa hiyo mashine, zitoe."

Akazitoa polepole, kama mtu anayemkubalia mgonjwa. Pengine alidhani nina wazimu kidogo, na sikumlaumu. Mwanamke mzima anatoka jikoni na kisu kuja kumfundisha mtu kazi yake. Yeye sikumweleza. Wewe nitakueleza, na ukifika mwisho uniite jina lolote unalotaka, maana nimeshajiita yote.

Nililelewa Makongeni, Thika, chumba kimoja na jiko la mlangoni. Baba alifariki nikiwa darasa la pili, tukabaki wawili, mimi na Mami. Watu walimwita Mama Nyambura, kwa jina langu, na kwa sababu ya masikio yangu ya kitoto nilidhani alizaliwa akiitwa hivyo. Alifanya kazi kwenye karakana ya sufuria nyuma ya barabara ya soko. Wanaume walikata bati za aluminiamu na kuzikunja, kisha sufuria zikaletwa kwa wanawake watatu waliozipitisha kwanza kwenye mkanda wa msasa, halafu kwenye gurudumu la nguo. Gurudumu hilo ni vitambaa vingi vilivyoshonwa pamoja, mviringo, vikazungushwa na mota kwa kasi hadi macho hayaoni tena kitambaa bali ukungu. Nikitoka shule saa kumi nilizisikia zile mashine tatu kutoka mbali. Moja ililia kama mbu, moja ilikuwa na kikohozi, na ya Mami ilinguruma chini kwa chini bila kupumzika. Nilikuwa napitia hapo kuchukua ufunguo wa nyumba.

Aluminiamu ni kitu cha ajabu. Sufuria inatoka inametameta unaweza kujiangalia meno, na anayeing'arisha anatoka mweusi. Weusi huo hautoki. Mami aliujaribu kwa majivu, kwa ndimu, kwa mafuta ya taa, kwa sabuni iliyochanganywa na sukari. Mikono ilibaki na mistari, kila mkunjo umechorwa kama kwa kalamu. Aliponisuka nywele Jumamosi kola yangu ilibaki na alama za vidole. Tulicheka hayo siku za mwanzo. Alikuwa akisema, "Wanasema mkono mtupu haulambwi. Huu wangu ukiulamba utaharisha wiki nzima."

Kila asubuhi alijiandaa kwa namna ambayo mimi niliiona kama kujipamba kinyumenyume. Aliivua pete ya baba na kuitia kwenye kopo la majani chai juu ya kabati. Kitambaa cha kichwa alikifunga kwa nyuma, ncha zote mbili akazichomeka ndani. Mikono ya blauzi aliikunja juu ya viwiko, hata Julai, Thika inapofunikwa na wingu wiki nzima na watu wanavaa makoti mawili. Nilidhani anavua pete isichafuke. Mtoto akiona jambo kila siku haulizi.

Sasa sikia habari ya kanisa. Kwetu ibada ikiisha watu hawatawanyiki hivi hivi. Mchungaji anatoka wa kwanza anasimama nje ya mlango, wa pili anamsalimia kwa mkono na kusimama kando yake, wa tatu anawasalimia hao wawili na kusimama, hivyo hivyo huku tukiimba, mpaka wa mwisho kutoka amemshika mkono kila mtu aliyekuwa ndani. Hakuna anayeruka mtu. Hata mliogombana mnapeana mikono. Mimi nilipita mstari huo nikiwa nimeushika mkono wa kushoto wa Mami, yeye akisalimia kwa wa kulia.

Jumapili moja, nikiwa darasa la tano, tulimfikia Mama Joy. Joy alikuwa rafiki yangu, tulikaa dawati moja. Mama yake alikuwa karani wa ofisi fulani mjini, na mikono yake ilinukia mafuta ya waridi. Akampa Mami mkono, akatabasamu vizuri tu, akasema Bwana asifiwe. Tulipompita niligeuka. Alikuwa amechomoa leso kwenye mkoba anafuta kiganja, kidole baada ya kidole, na Joy amesimama kando yake anatazama.

Kesho yake darasani Joy akaniuliza, "Kwani mami yako huuza makaa?"

Hakuuliza kwa ubaya. Lakini wasichana wa nyuma walisikia, wakacheka, na hadi mwisho wa muhula nikaitwa Makaa.

Likizo ya Agosti nilipelekwa Ngoliba kwa cucu, mama yake Mami. Cucu alikuwa anajua kufuma, na alikuwa na macho mazuri kuliko yangu. Nilibeba sweta yangu ya shule iliyokuwa imenibana, ya rangi ya maruni, viwiko vimeisha. Nikamwomba aifumue anifumie glavu za Mami, zenye vidole vyote vitano. Akaniuliza za nini. Nikasema mkono wa Mami unaona baridi. Tulikuwa tumekaa kwenye kivuli cha ghala la mahindi, jasho linatutoka, kuku wamepanua midomo kwa joto. Cucu akanitazama muda mrefu. "Thika siku hizi kuna theluji?" akasema. Lakini alifuma. Ilimchukua siku tisa, na mimi ndiye nilishika uzi.

Niliporudi nilimpa Mami akiwa anapepeta mchele. Alizivaa hapo hapo, akapiga makofi, akajigeuza geuza kama bibi harusi. "Nitaenda nazo kanisani," akasema, "watu wafikirie nimetoka ng'ambo."

"Si za kanisani. Ni za kazini. Usiwe mweusi."

Akaacha kujigeuza. Akaniambia kazini hawavai glavu.

"Kwa nini?"

"Mashine haizitaki."

Hilo ndilo jibu alilonipa, na kwangu lilikuwa jibu la mtu mzima anayetafuta njia ya kukataa, kama vile pipi zimeisha au duka limefungwa. Angenieleza siku hiyo kile ninachokijua leo, kwamba uzi mmoja tu wa sufu ukigusa kitu kinachozunguka kwa kasi ile haukatiki bali unavuta, labda ningeelewa. Labda pia nisingeelewa. Nilikuwa nimeshaitwa Makaa majuma mengi mno.

Wiki mbili glavu zilikaa kwenye droo. Jumamosi jioni Mami alikuwa anapiga pasi gauni langu, nami nikiwa kitandani natikisa miguu, nikamwambia hivi, na maneno yenyewe nayakumbuka yote:

"Kesho sitakushika mkono. Nitapanga laini na kina Joy."

Hakunigombeza. Pasi ilikuwa ya makaa, akaiinua akaipuliza majivu, akarudi kwenye kola. Akasema, "Sawa." Nilitaka anigombeze. Angenigombeza ningelia na yangeisha.

Nilifanya nilivyosema. Nikatoka kanisani katikati ya kina Joy, nikasimama kwenye mstari, na Mami akaja peke yake. Alikuwa amekunja vidole ndani ya kiganja, akawa anawapa watu kifundo cha mkono, kama mtu aliyetolewa kuosha vyombo na hajapata pa kujifutia. Watu wakamshika hapo kwenye kifundo. Akanifikia. Nami akanipa kifundo, mimi mwanawe, nikakishika, nikaitikia Bwana asifiwe nikiangalia viatu vyangu.

Jumatatu asubuhi nilimwona anafungua droo. Akazitia glavu kwenye mfuko pamoja na chakula chake. Nilifurahi, na lazima niseme hivyo kwa sababu ni kweli. Nilienda shule nikirukaruka.

Jumatano nilipotoka shule nilianza kusikiliza mashine kutoka kona ya posho mill, kama kawaida. Sikusikia kitu. Nikafikiri stima zimepotea. Lakini posho mill ilikuwa inasaga, na kinyozi alikuwa na redio. Nikaongeza mwendo. Mlango wa karakana ulikuwa wazi, wanaume wamesimama nje, na ndani Mzee Wafula, msimamizi wao, mtu mpole wa kutoka Bungoma ambaye alikuwa akinipa vipande vya bati nichezee, amepiga magoti mbele ya mashine ya Mami. Alikuwa na kisu kidogo. Anakata kitu kilichojiviringa kwenye chuma kinachoshika gurudumu, anakivuta, anakata tena. Akasikia viatu vyangu, akageuka, akauficha mkono nyuma.

"Nyambura, rudi nyumbani. Mama amepelekwa hospitali, ako na Mama Akinyi. Atapona."

"Hiyo ni nini?"

"Kitambaa. Kitambaa kilishikwa."

Ilikuwa sufu ya maruni. Nilikuwa nimeivaa miaka mitatu, viwiko vyangu ndivyo viliichakaza, ningeijua gizani. Nyingine ilikuwa imebadilika rangi. Nilichukua ufunguo pale ulipokuwa ukitundikwa kila siku, kwenye msumari, nikaenda nyumbani nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Gurudumu la nguo ni laini. Likiwa limesimama unaweza kuliwekea shavu. Halikukata vidole vya Mami. Sufu ndiyo ilishikwa, ikajizungusha, ikavuta mkono mpaka kwenye nafasi ndogo kati ya gurudumu na kifuniko chake cha chuma, na kabla Mama Akinyi, aliyefanya kazi mashine ya pili yake, hajaruka kuzima swichi yalikuwa yameshakuwa. Mkono wa kulia ulibaki na kidole gumba na kile cha mwisho. Vile vitatu vya katikati havikurudi.

Nilipopelekwa kumwona alikuwa amefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko, kubwa, nyeupe, safi kuliko nilivyowahi kuuona mkono wake. "Ni kile kitambaa cha kufutia," akaniambia kabla sijauliza. "Nilizembea." Nikamwambia pole. Katika maisha yetu yote hatukuongeza neno hapo. Kila aliyemuuliza, mchungaji, majirani, cucu alipokuja kutoka Ngoliba akilia njia nzima, alimjibu hivyo hivyo, kitambaa, nilizembea, na mimi nikiwa nimekaa hapo hapo. Cucu hakuuliza glavu ziko wapi. Nadhani hakuthubutu. Alipoondoka alikuwa ameacha sindano zake za kufumia chini ya kitanda chetu, na sikumwona tena akifuma.

Jumamosi ya kwanza Mami yuko nyumbani alinikalisha katikati ya magoti anisuke. Alijaribu mstari mmoja. Gumba na kile kidole cha mwisho havifikiani vizuri. Nilimsikia akipumua juu ya kichwa changu, akijaribu tena, na nywele zikimponyoka. Kisha akaniambia tuende kwa kinyozi. Nilinyolewa kipara, na kuanzia hapo nilinyolewa kila mwezi hadi nilipofika sekondari.

Na kanisani? Bendeji zilipotoka tulienda. Mstari ulikuwa palepale. Mami akawapa watu kifundo cha mkono, na safari hii hakuna aliyeshangaa. Mama Joy alikishika kwa mikono yake miwili, akalia mpaka akachomoa ile leso. Nilimchukia kwa moyo wangu wote, nikijua kabisa kwamba si yeye. Mimi nilikuwa nimeshika sketi ya Mami. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mzima, unaning'inia hapo karibu na uso wangu, mweupe sasa kwa kukaa bila kazi. Sikuthubutu kuushika. Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu yalikuja mapema, yakakaa chini yakavua viatu.

Mami alirudi kazini. Hakuwekwa tena kwenye gurudumu. Alikagua mifuniko na kukaza mishikio. Lakini kila mwanamke mgeni akiletwa, Mzee Wafula alimpeleka kwanza kwa Mami, naye alimkagua mlangoni kama askari: pete, bangili, mikono ya nguo, ncha za kitambaa, nywele za kushonea. Kisha anamwonyesha ule mkono. Nililiona hilo mara nyingi nikija kuchukua ufunguo. Nikafanya hesabu yangu ya kitoto, nikaishi nayo miaka ishirini: kwamba mimi nilileta kitu cha hatari ambacho hakuna aliyekijua, Mami akakivaa bila kujua, na baada ya ajali ndipo wote wakajifunza. Ilikuwa hesabu chungu lakini ilikuwa na mahali pa kuegemea. Mtoto hakujua. Mama hakujua. Bahati mbaya.

Mami alifariki mwaka juzi, kwa kifua. Tulimzika Ngoliba, karibu na cucu. Watu walipokwisha kula nilijikuta nyuma ya nyumba naosha vyombo na Mama Akinyi, yule aliyezima swichi. Amezeeka, amerudi kwao magharibi, alisafiri siku nzima kuja. Tulikuwa tunasugua sufuria kubwa za kukodi, mimi upande huu, yeye ule, na sijui ni nini kilinifungua mdomo. Nikamwambia, "Zile glavu ni mimi nilimpa."

Hakuinua macho. "Najua. Wote tulijua."

Akasugua kidogo. Kisha akasema, "Unajua mama yako ndiye alinifundisha ile kazi? Siku yangu ya kwanza alinitoa bangili na sabuni, ikanichubua, nikamtusi kwa lugha ya kwetu. Akanionyesha vile unashika sufuria chini ya katikati ya gurudumu, ndio ikikunyang'anya iende chini, isikurukie kwa uso. Na nilikuwa nimekuja na glavu, mimi. Alizichukua akazitupa kwa choo. Hiyo ni kabla yako uanze hata nursery."

Nilisimama na majivu mikononi.

"Sasa Jumatatu hiyo anatoa zake anavaa. Nikamwambia, Mama Nyambura, toa hizo vitu, si wewe ndio hutugombeza? Akasema atakuwa mwangalifu. Jumatatu hakukuwa na shida. Jumanne pia. Jumatano nikamwambia tena, nikamshika hata mkono. Akaniambia, 'Nikizitoa, Jumapili mtoto hatanishika.'"

Mama Akinyi akamwaga maji ya sufuria yake, akaiinamisha ikauke, akaondoka kutafuta nyingine. Nadhani alikuwa anataka nibaki peke yangu. Nilibaki. Siku hizo tatu hakusahau kuitia pete kwenye kopo la majani chai. Aliivua kila asubuhi kama kawaida, nilimwona. Alijua kila kitu ambacho mashine ile ingeweza kufanya. Alivua pete ya mume wake, akavaa glavu zangu.

Kwa hiyo nilimwendea yule fundi na kisu. Alipomaliza kazi jioni, ile mikono mitupu imeingia weusi mpaka kwenye kucha, akapita mlangoni kwangu kuaga, kwa adabu, maana nilikuwa nimempelekea chai. Nikanyoosha mkono. Akaangalia wake, akaona haya, akakunja vidole ndani akanipa kifundo.

"Hapana," nikamwambia. "Fungua."

Akafungua. Niliushika wote, kiganja kwa kiganja, nikaushika kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mtu usiyemjua. Alipoondoka nilirudi jikoni nikakaa. Weusi ulikuwa umebaki kwenye mistari ya kiganja changu, na sikuunawa.